Jazi Iliyosongwa kama Bukari

Neno jazi si geni masikioni mwetu. Mwaka wa 1953 Joseph Kabasele, yule aliyeitwa Grand Kallé, aliunda orkestra kule Léopoldville akaipa jina la African Jazz. Mwaka wa 1956 ikazaliwa OK Jazz, ambayo Franco aliendelea nayo mpaka kufa kwake mwaka wa 1989. Ng'ambo ya ziwa nako walikuwako Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz. Wazee wetu walizicheza nyimbo za namna hiyo kila jioni ya siku ya posho, na neno jazi likaingia katika lugha yetu pamoja na viatu vyeusi vya ngozi na shati jeupe.

Lakini tuseme kweli: orkestra hizo zilipiga zaidi rumba na cha-cha-cha. Jina la jazi lilikuwa kama koti jipya, liliwapendeza watu kwa kuwa lilisema, "Sisi ni watu wa wakati huu." Ndiyo maana hata leo mtu akitualika kusikiliza jazi, twangojea rumba, na tukikosa rumba, twaona tumedanganywa, twataka feza yetu irudishwe mlangoni.

Katika makala haya twataka kusema habari ya jazi ya namna nyingine, ile iitwayo fusioni, na habari ya jioni moja tulipoisikiliza katika chumba kidogo hapa Lubumbashi. Twataka kuipima kwa haki. Tusiisifu kwa sababu imetoka mbali, wala tusiitukane kwa sababu hiyo hiyo.

Imetoka wapi?

Katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, pana uwanja uitwao Congo Square. Mwaka wa 1817 wakubwa wa mji waliamuru kwamba watumwa wasikusanyike kucheza ila siku ya Mungu tu, na mahali pale watakapoonyeshwa. Basi watumwa wakakusanyika katika uwanja huo, wakapiga ngoma zao, wakacheza, wakauziana vitu vyao vidogo. Jina lenyewe la uwanja latosha kutuonyesha ni nchi gani ilikumbukwa pale.

Jazi ilizaliwa katika mji huo huo, mwanzo wa karne ya 20. Watu weusi walichukua nyimbo za kazi, nyimbo za kanisa, tarumbeta za askari na dansi za kizungu, wakazichanganya. Kwa hiyo jazi ni mchanganyiko tangu siku ya kuzaliwa kwake. Mwana mashuhuri wa mji huo, Louis Armstrong, alikuja Congo mwaka wa 1960. Alifika Léopoldville, tena akafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakati nchi yetu ilipokuwa imepasuka vipande. Wazee walioona siku zile bado walikuwa wakitusimulia tulipokuwa wadogo.

Fusioni ilikuja baadaye. Mwaka wa 1969 mpiga tarumbeta Miles Davis aliwaita vijana wake, akawaacha wapige vinanda vya umeme na gitari ya umeme, mapigo yakafanana zaidi na yale yaliyokuwa yakichezwa na vijana wa mitaani. Mwezi wa pili alirekodi In a Silent Way. Mwezi wa nane alirekodi Bitches Brew, iliyotoka mwaka wa 1970. Wazee wengi wa jazi walinung'unika, wakasema ameuza mali ya baba zake. Lakini vijana waliopita mikononi mwake walitawanyika kama mbegu. Joe Zawinul na Wayne Shorter waliunda Weather Report mwaka wa 1970. John McLaughlin aliunda Mahavishnu Orchestra mwaka wa 1971. Herbie Hancock alitoa Head Hunters mwaka wa 1973.

Katika santuri hiyo ya Hancock kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa Afrika ya Kati. Wimbo wake wa mwaka wa 1962, Watermelon Man, aliupiga upya. Mwanzoni kabisa Bill Summers apuliza chupa ya bia na kutoa sauti ya koo kwa zamu: chupa, koo, chupa, koo. Mtindo huo hakuutunga yeye. Ni wa Wababenzele, watu wa msitu wa Afrika ya Kati, ambao wana filimbi ndogo ya sauti moja tu. Sauti zinazokosekana wazijaza kwa koo lao. Ona sasa safari ya sauti hiyo: imetoka msituni, imevuka bahari, imeingia katika mashine za umeme, imerudi kwetu kama kitu kigeni. Wengi wetu tumewadharau watu wa msitu. Wenzetu wa ng'ambo walikaa kitako wakawasikiliza, wakajifunza.

Na mmoja wetu alitembea njia hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Ray Lema alizaliwa Bas-Congo mwaka wa 1946. Akiwa mtoto aliingia seminari ndogo, na ndipo alipojifunza kinanda, nyimbo za Kigregori na muziki wa Bach. Hakuwa padri. Miaka ya 1970 aliongoza muziki wa wacheza dansi wa taifa, akazunguka katika majimbo kuwasikiliza mafundi wa ngoma za kila kabila. Baadaye akahamia Ulaya na kuwa mpiga piano wa kujulikana sana. Mtu akisema kwamba Mkongo hana sehemu katika muziki wa namna hii, amtazame yeye kwanza.

Kuchanganya ni kazi

Akina mama wa Lubumbashi wajua kuchanganya unga wa mahindi na unga wa mihogo. Mahindi yatoa nguvu, mihogo yatoa ulaini. Lakini haitoshi kumwaga unga wa namna mbili katika sufuria moja. Sharti maji yawe na moto wa kutosha, sharti mkono uwe imara juu ya mwiko, sharti mama asonge mpaka pasibaki bonge hata moja. Akiwa mvivu, wageni watauma unga mbichi katikati ya tonge, na hapo hata sombe nzuri haiwezi kumwokoa.

Muziki wa fusioni ni hivyo hivyo. Wapigaji wengi wafikiri kwamba wakiweka ngoma ya kijijini kando ya kinanda cha umeme, basi kazi imekwisha. Hapana. Hapo wameleta mifuko miwili ya unga tu. Kusonga ndiyo kazi: ngoma ikibadili mapigo, kinanda nacho kibadili njia; kinanda kikileta sauti ya mbali, ngoma nayo iipe nafasi. Hiki ndicho kipimo cha kwanza tulichokwenda nacho jioni ile, na twawapa ninyi pia.

Kwa nini chumba kidogo?

Wengine watauliza: kama muziki ni mzuri, kwa nini usipigwe katika uwanja wa mpira ili watu wote wasikie? Tujibu kwa jambo rahisi. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde moja. Mtu akisimama mita 100 mbali na jukwaa, anaona fimbo ikipiga ngoma, na sauti inamfikia baada ya karibu theluthi ya sekunde. Akipiga makofi, makofi yake yamechelewa. Katika chumba cha hatua kumi na mbili, jicho na sikio vyapokea pamoja. Tena wapigaji wa jazi hawana mpango ulioandikwa wote tangu mwanzo hata mwisho. Wana wimbo mfupi wanaoujua wote; mengine hubuniwa papo hapo. Huambiana kwa macho, kwa kutikisa kichwa, kwa kuinua bega. Katika uwanja mkubwa hatuoni hayo. Katika chumba kidogo twaona neno likitoka kwa mmoja na kupokewa na mwingine, kama mazungumzo mezani.

Kule New York kuna chumba kiitwacho Village Vanguard, chini ya ardhi, kinachopigiwa muziki tangu mwaka wa 1935. Viti vyake ni 123 tu. Tarehe 25 mwezi wa sita mwaka wa 1961 mpiga piano Bill Evans alirekodi pale pamoja na wenzake wawili, na katika santuri ile twasikia bilauri zikigongana na watu wakiongea. Mpiga besi wake, Scott LaFaro, alikufa katika ajali ya gari siku kumi na moja baadaye, akiwa na umri wa miaka 25. Watu wachache waliokuwa pale, hata wale waliokuwa wakiongea, walipewa kitu ambacho hakitarudi. Na kwa upande wa fusioni, kule Los Angeles mpiga piano Don Randi alifungua mwaka wa 1970 chumba kidogo kiitwacho The Baked Potato, yaani kiazi cha kuokwa, kwa kuwa viazi ndivyo walivyowapa wageni kula. Wapiga gitari kama Larry Carlton na Lee Ritenour walizoea kupiga pale. Kwa hiyo tusione aibu kwa udogo wa vyumba vyetu. Hata muziki huu mkubwa ulilelewa katika vyumba vya namna hiyo.

Jioni yenyewe

Chumba tulichokwenda kilikuwa zamani ghala ya simenti. Viti vilikuwa sitini, tulivihesabu. Watu walikuwa ishirini na watatu, pamoja na mlinzi aliyesimama mlangoni kusikiliza. Wapigaji walikuwa watano: saksofoni, gitari, besi, kinanda cha umeme na ngoma. Wote ni vijana wa mji huu, na wawili kati yao hupiga katika kwaya za parokia. Bei ya mlango ilikuwa sawa na unga wa siku tatu kwa jamaa ndogo. Si feza kidogo, na ndiyo sababu hatuna budi kusema kweli juu ya kile walichotupa.

Nusu ya kwanza haikutupendeza. Kosa la kwanza lilikuwa makelele. Vipaza sauti vyao vingetosha soko zima, navyo vilikuwa katika chumba chenye kuta za saruji. Sauti iligonga ukuta ikarudi, ikagongana na sauti iliyokuwa ikitoka. Saksofoni ilifungua na kufunga kinywa, nasi hatukusikia neno. Kosa la pili lilikuwa haraka. Mpiga kinanda ni kijana mwenye vidole vya ajabu, naye anajua kwamba anavyo. Kila alipopewa nafasi alimwaga sauti kama mtu anayemwaga mfuko wa maharagwe sakafuni; zilikuwa nyingi, zilikuwa mbio, nasi hatukuweza kuokota hata moja. Wenzake wakamngoja amalize. Walipopokea wao, hawakujibu alilosema, kwa maana hapakuwa na la kujibu. Wazee walisema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Wakati wa kupumzika watu wanne walikwenda zao, na sisi hatukuwalaumu.

Nusu ya pili ilikuwa kitu kingine. Mpiga gitari alianza peke yake. Hakutumia kibao cha kukwaruzia. Alitumia kidole gumba na kidole cha shahada, kama walivyopiga mafundi wa Katanga. Wasomaji wajua kwamba mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, ndiyo Likasi, na gitari ile ikawashangaza watu wa dunia nzima, kwa kuwa mtu mmoja alisikika kama watu wawili. Kijana huyu alichukua mtindo huo, lakini mapigo aliyoyashika hayakuwa ya baba zake. Yalikuwa saba: mbili, mbili, tatu. Besi ikaingia chini yake polepole. Mpiga kinanda, ambaye pengine alisemwa na wenzake wakati wa kupumzika, aliweka sauti moja tu ndefu, akaishikilia kama mtu anayemshikia mwenzake taa.

Watu walijaribu kupiga makofi kwa nne, wakaanguka. Wakajaribu tena, wakaanguka, wakacheka. Mama mmoja wa kiti cha mbele hakucheka. Alifumba macho akawa anagonga paja lake: mbili, mbili, tatu, mbili, mbili, tatu. Jirani yake akamfuata. Baada ya dakika moja chumba kizima kilikuwa ndani ya saba, na mpiga ngoma alipoona hivyo alitabasamu, akaacha kuyatamka mapigo yenyewe, akaanza kucheza juu yake, kwa sababu sasa sisi ndio tuliokuwa tukiyashika. Hapo tukafahamu kwa nini watu husafiri usiku kwenda vyumba vidogo. Santuri haiwezi kukuachia mapigo uyashike.

Katikati ya wimbo huo umeme ukakatika. Hakuna mtu wa mji huu anayeshangaa kwa jambo hilo. Vipaza sauti vilikufa, kinanda kilikufa, besi ilikufa. Tulingoja wimbo ufe pia. Haukufa. Mpiga ngoma aliweka fimbo chini, akapiga kwa viganja, taratibu, ili asimfunike mwenzake. Gitari ya umeme bila umeme yatoa sauti ndogo kama mdudu katika majani. Lakini kiti hakikulia, mtu hakukohoa, nasi tukaisikia. Mpiga besi alipiga makofi yale saba. Mpiga saksofoni alishuka akasimama katikati ya viti, akapuliza kwa pumzi ndogo. Na yule wa kinanda, mwenye vidole vya mbio, akawa hana kitu mkononi. Akaimba kwa mdomo zile sauti ndefu alizokuwa akizishika. Sauti yake si nzuri. Lakini ndiyo iliyokuwa sehemu yake bora ya jioni nzima, kwa kuwa sasa hakuweza kusema zaidi ya lile lililohitajiwa.

Ilichukua dakika kama nane mpaka mashine ya mafuta iwake. Ilipowaka, tuliona kwamba mpiga kinanda alipunguza sauti ya kinanda chake kabla ya kukigusa.

Tunapima namna gani?

Mtu aweza kusema kwamba umeme ulipokatika fusioni ilikwisha, ikabaki ngoma ya kawaida tu, kwa maana fusioni ilianza na umeme. Sisi hatuoni hivyo. Kweli, umeme uliwapa Miles Davis na wenzake sauti mpya, wala hatutaki kuudharau. Sauti ile ndefu ya kinanda hakuna kinanda cha kijijini kiwezacho kuitoa. Lakini umeme ni moto wa jikoni. Moto haumsongei mtu bukari. Jioni ile, wakati moto ulipokuwa mwingi, tulikula mabonge; moto ulipozimika, mikono ilikuwa bado juu ya mwiko, na bukari ikawa laini.

Kwa hiyo twatoa vipimo vitatu kwa msomaji atakayekwenda kusikiliza. Kwanza: je, kila mpigaji anajibu alichoambiwa na mwenzake, au kila mmoja anatoa hotuba yake? Pili: ukitoa sehemu moja, kwa mfano gitari ya Katanga, je, wimbo utabadilika wote, au hakuna atakayejua kwamba imetoka? Kama hakuna atakayejua, ilikuwa pambo tu. Tatu: je, wanajua kunyamaza? Kwa kipimo hiki cha tatu nusu ya kwanza ilianguka kabisa, na nusu ya pili ilisimama.

Maneno ya wanaopinga

Rafiki zetu wawili wa parokia waliposikia tulikokwenda walituambia maneno yao, na yafaa kuyajibu.

Wa kwanza alisema, "Baba katekista, muziki usio na maneno wafundisha nini?" Ni swali la haki, kwa kuwa sisi tumezoea wimbo wenye mafundisho. Twajibu hivi: mtu anaposikiliza watu watano wakipeana nafasi bila kugombana, kila mmoja akiwa na uwezo wa kuwafunika wenzake na asifanye hivyo, amefundishwa jambo ambalo maneno mengi hayawezi kulifundisha. Na aliyesikiliza nusu ya kwanza naye amefundishwa, kwa upande wa pili: ameona jinsi kipawa kinavyokuwa mzigo kwa jirani.

Wa pili alisema, "Ni muziki wa wageni na wa matajiri." Juu ya wageni tumekwisha kusema: Congo Square, Wababenzele, Ray Lema, gitari ya Likasi. Si mgeni, ni ndugu aliyekaa ng'ambo muda mrefu, amerudi na matamshi mengine. Juu ya matajiri, hapo rafiki yetu ana haki kwa sehemu. Unga wa siku tatu ni kitu. Baba mwenye watoto sita hawezi kwenda kila juma, wala hatumshauri aende. Lakini tumewaona baba hao hao wakitoa feza kama hiyo kwa bia nne siku ya posho, na kesho yake hawana wanachokumbuka.

Jambo linalotutia wasiwasi

Baada ya muziki tulizungumza na mpiga besi. Tulimwuliza kila mmoja alipata nini. Akatuonyesha katika kiganja: feza ya kupanda basi kurudi nyumbani, na kidogo juu yake. Akasema, "Baba katekista, mwenye chumba ametuambia kwamba watu wasipofika arobaini kabla ya mwisho wa mwaka, atairudisha iwe ghala. Simenti hulipa kila mwezi."

Tukamwuliza watakwenda kupiga wapi. Akajibu, "Harusi ziko. Lakini harusini wanataka mmoja tu mwenye kinanda."

Neno hilo latugusa sisi watu wa parokia kuliko linavyowagusa wengine. Kinanda cha umeme cha siku hizi kina kitufe. Ukikibonyeza, ngoma zapigwa zenyewe, besi yapigwa yenyewe, na mtu mmoja afanya kazi ya watano. Tumeviona katika harusi, na sasa twaviona katika kwaya zetu. Wimbo wa huzuni na wimbo wa furaha zatembea kwa mwendo ule ule, kwa kuwa mashine haisikii. Waimbaji wakichelewa, haiwangojei. Waimbaji wakiwaka moto, haiwaki pamoja nao. Kijana aliyetumia miaka mitano kujifunza ngoma hukaa benchi ya nyuma, na kitufe kimechukua mahali pake.

Zamani Katanga ilijua njia nyingine. Kule Kamina, Padri Guido Haazen aliwakusanya watoto na walimu, na mwaka wa 1958 wakarekodi Missa Luba. Sehemu kubwa ya kazi ile haikuandikwa kwa noti kwanza. Waimbaji waliibuni pamoja, kila mmoja akimsikiliza mwenzake, ngoma ikifuata pumzi ya koo. Dunia nzima iliisikia. Hawakuwa na kitufe. Walikuwa na masikio.

Tufanye nini?

Hatusemi kwaya zipige jazi. Kila kitu na mahali pake. Twasema tu kwamba wapigaji walio hai, wanaosikilizana, ni mali ya mji, na mali hiyo yaweza kupotea bila vita wala mafuriko, kwa viti vitupu tu. Kijana asiyepata mahali pa kupiga mbele ya watu ishirini hatajua kamwe kwamba anapiga kwa haraka mno. Yule wa kinanda alijifunza zaidi katika dakika nane za giza kuliko katika mwaka mzima wa kujifungia chumbani kwake, na alijifunza kwa sababu watu kumi na tisa walikuwa pale wakimsikiliza.

Basi, anayeweza aende, hata mara moja kwa mwaka. Afike mapema, akae mbele. Alipe mlangoni bila kubishana, wala asijifanye ndugu ya mpigaji ili aingie bure. Ndugu wa kweli ndiye wa kwanza kulipa. Besi ikipiga peke yake, anyamaze, kwa maana wakati huo ndio watu wengi huanza kuongea. Wasipopiga vizuri, asiwapigie makofi ya uongo. Makofi ya uongo ndiyo yaliyomharibu yule kijana wa vidole vya mbio. Wakipiga vizuri, awaambie wazi ni wapi walipopiga vizuri, ili wapajue.

Na kiongozi wa kwaya anayesoma maneno haya, tunamwomba jambo moja dogo. Juma lijalo, wakati wa mazoezi, azime kile kitufe kwa wimbo mmoja tu, amwite kijana wa benchi ya nyuma, ampe ngoma. Wimbo wa kwanza utayumba. Avumilie. Ausonge mpaka mabonge yaishe.